Maswali ya Wasomaji: Unyevu, Mwangwi na Harusi Katika Kumbi za Muziki

Barua za mwezi huu zimetoka kwa wasimamizi wa kumbi za Mombasa ambamo muziki hupigwa bila kutegemea spika: kwaya, piano, fidla na taarab ya zamani. Tunaanza na ile yenye haraka kuliko zote, kwa sababu kila wiki inayopita hapo kuna kitu kinaoza.

Ukumbi wetu ulipewa piano kubwa ya mkia kutoka Ulaya. Kila Ijumaa tunawasha AC kuanzia saa 10 jioni hadi onyesho liishe saa 4 usiku. Siku nyingine madirisha yako wazi. Haijatimia miezi 8, nyuzi zimeanza kushika kutu na baadhi ya vibonye ukivibonyeza havirudi juu. Mzee mmoja ametushauri tuweke balbu ndani ya piano, mwingine anasema mkaa. Tufanye lipi?
*Msimamizi wa ukumbi, Kizingo*

Bwana Msimamizi, kutu hiyo inaletwa na AC yenu ya Ijumaa. Hewa ya Mombasa ikiwa na joto la digrii 30 na unyevu wa asilimia 75, hugeuka umande kila inapogusa kitu chenye baridi ya chini ya digrii 25 hivi. Mkipoza ukumbi hadi digrii 21, fremu ya chuma ya piano, ambayo peke yake hupita kilo 100, hupoa pia na hubaki baridi kwa muda mrefu. Saa 4 mnazima, mnafungua milango ili watu watoke na mfagie. Hewa ya nje inaingia, na nyuzi zinatoka jasho kama chupa ya soda iliyotolewa kwenye friji. Afadhali piano iliyokaa mwaka mzima kwenye unyevu wa asilimia 65 kuliko hiyo inayopandishwa na kushushwa kila wiki, kwa sababu mbao na felti (kitambaa kinene cha sufu kilichomo ndani yake) huumizwa na mabadiliko kuliko unyevu wenyewe.

Ijumaa hii hii fanyeni mawili. Msishushe AC chini ya digrii 25. Na onyesho likiisha, iacheni ikiwaka mpaka watu wote watoke na milango ifungwe, ndipo mzime. Kufagia kungoje asubuhi.

Kisha nunueni vipimo viwili vya unyevu, kimoja cha ukumbini na kimoja cha ndani ya piano. Vya bei nafuu hukosea kwa asilimia 5 hata 10, kwa hiyo vijaribuni kwa chumvi. Wekeni kijiko cha chumvi ya mezani kwenye kifuniko cha chupa, muitone maji mpaka iwe kama uji mzito bila kuyeyuka yote, muifungie pamoja na kipimo ndani ya mkebe wenye kifuniko kinachobana. Baada ya saa 12 kipimo kinapaswa kusoma 75. Kikisoma 69, andikeni juu yake kwa kalamu: ongeza 6.

Dawa ya kudumu ni kuipa piano chumba chake. Kukausha hewa ya ukumbi mzima usiku na mchana kutawafilisi kwa stima. Piano ya mkia ya ukubwa wa jukwaani ina urefu wa mita 2.74 na upana wa mita 1.6 hivi, chumba cha mita 4 kwa 3 kando ya jukwaa kinaitosha. Zibeni dirisha, mpake kuta rangi, mzungushie mlango mpira wa kuziba hewa. Ndani wekeni mashine ya kukausha hewa inayotoa lita 20 kwa siku, na mpira wa maji uende moja kwa moja kwenye bomba la kutolea maji. Mkitegemea ndoo yake, itajaa usiku, mashine itajizima, na asubuhi mtakuta unyevu umerudi palepale. Chujio lioshwe kila wiki 2. Watengenezaji wengi hutaka asilimia 40 hadi 50. Kwa Mombasa sisi tunasema iwekeni 55, na msiiruhusu itoke kati ya 50 na 60. Mkiikausha hadi 42 halafu muipeleke kwenye ukumbi wenye 65, mmerudi kwenye ugonjwa uleule. Ikitoka kwenye 55, saa 4 za onyesho haziudhuru ubao, kwa kuwa huchukua siku nyingi kunywa unyevu.

Kuitoa na kuirudisha kunahitaji fremu maalumu yenye magurudumu makubwa ya mpira inayobeba miguu yote 3. Vigurudumu vya piano yenyewe vimewekwa kwa ajili ya kusogezea tu, na mkokoteni wa hamali usiukaribie: chombo hicho kina uzito wa karibu kilo 480, na mguu mmoja ukinasa kwenye ufa wa sakafu hukatika.

Kuhusu balbu, mzee ana hoja. Hewa ikipata joto la digrii 1 zaidi, unyevu wake hushuka kwa asilimia 4 hivi, na ndiyo sababu balbu za zamani zilisaidia. Shida ni kwamba balbu huunguza mahali pamoja: ubao wa sauti, ule mpana ulio chini ya nyuzi, hukauka pale na kupasuka huku pembeni ukiwa bado umevimba. Balbu za siku hizi za LED hazitoi joto la maana. Badala yake kuna fimbo za joto za wati 25 hadi 50 zinazofungwa chini ya ubao wa sauti, pamoja na swichi inayosoma unyevu na kuzima yenyewe. Zifungeni, na kwenye plagi yake mbandike karatasi: USICHOMOE. Kinachoharibu mpango huu mara nyingi ni mtu anayetafuta mahali pa kuchajia simu. Mkaa hauna nguvu ya kufanya lolote kwenye chombo kikubwa hivyo, na mkifikiria mchele, utaleta panya, nao watakula felti.

Vibonye visivyorudi juu ni felti iliyovimba kwenye matundu ya vibonye. Fundi huibana kwa koleo maalumu na kazi huisha kwa siku moja. Mkirekebisha unyevu kwanza, vingine vitajifungua vyenyewe. Tunawasihi msipulizie mafuta ya kulainishia popote ndani ya piano. Yakifika kwenye ubao ulioshika pini za nyuzi, pini huteleza. Nyuzi zipo zaidi ya 200, zikivuta kwa pamoja tani 20 hivi, na ubao uliokunywa mafuta hauzishiki tena. Matengenezo yake yanaweza kuzidi thamani ya piano.

Kupatanisha nyuzi kufanywe angalau mara 2 kwa mwaka, mwezi wa 7 masika yakishatulia na tena mwezi wa 12 baada ya vuli, na mara nyingine kabla ya onyesho kubwa. Mvua zikizidi, ubao wa sauti huvimba, huinuka katikati na kupandisha sauti. Msimwite fundi katikati ya mwezi wa 5. Atakachopatanisha hakitafika mwezi wa 7.

Kwaya yetu ina watu 40. Tukifanya mazoezi hatuelewani maneno, sauti inazunguka tu. Siku ya tamasha watu 150 wakijaa, ukumbi unaimba vizuri kabisa. Una mita 18 kwa 10, kimo mita 6, sakafu ya tailsi, kuta zimepigwa plasta. Tumeshauriwa kubandika trei za mayai.
*Katibu wa kwaya, Changamwe*

Ndugu Katibu, masikio yenu hayadanganyi, na hesabu inawaunga mkono. Wallace Sabine wa Chuo Kikuu cha Harvard, Marekani, aliianza hesabu hii mwaka 1895 kwa filimbi ya kinanda, saa ya kupimia sekunde na mito ya viti aliyoihamisha usiku kutoka ukumbi wa jirani. Aliitumia kwenye Symphony Hall ya Boston iliyofunguliwa mwaka 1900, na ukumbi huo bado unasifiwa. Chukua ujazo wa ukumbi kwa mita za ujazo, zidisha kwa 0.161, gawanya kwa ufyonzaji wote wa sauti kwa mita za mraba. Jibu ni sekunde ambazo sauti huchukua kufifia.

Ujazo wenu ni 1,080, na ukizidisha unapata 174 hivi. Sakafu, dari na kuta ni mita za mraba 696, na vitu vigumu namna hiyo hufyonza karibu 0.03 tu ya sauti, yaani 21. Kwa hiyo ukumbi mtupu uliofungwa: 174 gawanya kwa 21, zaidi ya sekunde 8. Mtu mmoja hufyonza kama nusu mita ya mraba. Kwaya ya 40 inaongeza 20, inakuwa sekunde 4.2. Watu 150, kwaya ikiwemo, wanaongeza 75, inakuwa sekunde 1.8, na hicho ndicho kiasi ambacho kwaya na okestra hutafuta. Mazungumzo huhitaji karibu sekunde 1, ndiyo maana hata siku ya tamasha hotuba ya mgeni rasmi haisikiki vizuri.

Basi msiuzibe ukumbi kwa kitu cha kudumu. Mnahitaji kitu kinachokuja mazoezini na kuondoka tamashani: pazia nzito kwenye reli, mita za mraba 60, gramu 500 kwa mita ya mraba au zaidi. Ukuta wa mita 10 nunulieni kitambaa cha mita 20 ili kiwe na mikunjo. Pazia lililonyooka hufyonza kidogo kuliko hilo. Litundikwe sentimita 15 kutoka ukutani na sentimita 5 juu ya sakafu lisinyonye maji ya kudeki. Pazia hizo zinaongeza 30 hivi, na kwaya ikiwemo mnashuka hadi sekunde 2.5 hivi.

Kuna tatizo la pili ambalo hamkulitaja lakini kwa urefu huo lazima lipo. Simama jukwaani upige kofi moja. Sauti inakwenda mita 18, inagonga ukuta wa nyuma na kurudi: mita 36, takriban sehemu 1 ya 10 ya sekunde. Sikio huanza kutenganisha sauti mbili zikipishana kwa nusu ya muda huo, hivyo mnasikia kofi la pili. Huo ukuta wa nyuma peke yake ndio wa kutibu moja kwa moja. Tengenezeni fremu za mbao zenye kina cha sentimita 5, mjaze usumba wa nazi ulioshindiliwa kiasi, mfunike kwa kitambaa kinachopitisha pumzi, mzifunge zikiwa zimeachana na ukuta kwa sentimita 5. Mita za mraba 20 zatosha. Usumba unashika moto, kwa hiyo uloweke kwanza kwenye maji sehemu 100, boraksi sehemu 7 na asidi ya boriki sehemu 3 kwa uzito, uukaushe juani, kisha ujaribu kuuchoma kipande nje kabla ya kuuamini. Ukilowa tena dawa hutoka. Ukuta ulio nyuma ya waimbaji uacheni mtupu na mgumu. Huo ndio unaowarudishia sauti zenu.

Trei za mayai hazifyonzi kitu cha maana, na zikishika moto ukumbini hamtapata muda wa kukimbia.

Ukumbi wetu uko katika nyumba ya zamani ya mawe. Tuliupaka rangi ya plastiki mwaka jana, sasa inabambuka na unga mweupe unaanguka jukwaani. Tufunike kuta kwa mbao?
*Mama mwenye ukumbi, Mji wa Kale*

Mama, hapana, tafadhali. Mbao nyembamba juu ya ukuta wenye maji ni kuwaandalia mchwa karamu mahali usipowaona, tena hufyonza sauti nzito za udi na cello (fidla kubwa) mkabaki na ukumbi mwembamba wa sauti.

Mawe ya matumbawe hunyonya maji kutoka ardhini pamoja na chumvi. Ukuta uliopakwa chokaa hupumua, maji hutoka kidogo kidogo. Rangi ya plastiki huziba. Maji hukaukia nyuma yake, chumvi huganda hapo na kuisukuma rangi nje. Plasta ya simiti hufanya hivyohivyo.

Kwanza chunguzeni mifereji ya paa, tangi, na pale maji ya AC yanapomwagikia, maana mara nyingi ukuta unanyweshwa na bomba la sentimita 2. Kisha kwangueni rangi yote. Plasta ya simiti ibanduliwe hadi nusu mita juu ya mahali unyevu ulipofika. Chumvi ipigwe brashi kavu, msiioshe, kwani maji huirudisha ndani. Uacheni ukuta wazi miezi 2 au 3, na kaskazi ndiyo saa yake. Plasta mpya ni chokaa sehemu 1 kwa mchanga sehemu 3, mchanga wa maji baridi na si wa ufukweni. Kila tabaka lisizidi sentimita 1. Lifunikwe kwa magunia ya maji siku za mwanzo na lipewe wiki 2 kabla ya jingine. Mwisho ni chokaa nyepesi kama maziwa, mikono 4 au 5. Mafundi watawaharakisha, msikubali. Mji wa Kale ni eneo la hifadhi, kwa hiyo ukuta wa nje uombewe ruhusa kabla ya kuguswa.

AC zetu zinavuma kuliko fidla. Tununue kubwa zaidi?
*Nyali*

Kubwa yenye upepo mkali itavuma vilevile. Anzeni na joto: mtu aliyekaa hutoa wati 100 hivi, kwa hiyo watu 150, kwa mfano, ni kilowati 15, kama BTU 51,000 kwa saa (kipimo kinachoandikwa kwenye AC), kabla ya kuhesabu jua la paa na taa. Mashine 3 za 24,000 zikienda polepole ni kimya kuliko moja inayokimbia. Ziwasheni saa 2 kabla watu hawajaingia ili wakati wa muziki zishuke kasi. Zisiwe juu ya jukwaa, na zile za nje zisifungwe kwenye ukuta wa jukwaa. Ziwekeni juu ya raba nzito. Chumvi ya bahari hula mapezi ya mashine za nje, hivyo zioshwe kwa maji yasiyo na chumvi kila mwezi. Mashine nyingi zinazovuma zinahitaji kuoshwa tu. Stima ikirudi baada ya kukatika, ziwekewe kifaa cha kuchelewesha kwa dakika 5, maana kishindo cha kwanza cha umeme ndicho kinachoua kompresa.

Tunakodisha ukumbi kwa harusi ili tupate pesa za kuutunza. Wanamuziki wanalalamika. Tuache?
*Kamati ya ukumbi, Majengo*

Msiache. Harusi ndizo zinazolipa stima na fundi, na ukumbi uliofungwa wiki nzima unaota kuvu. Kinachotakiwa ni masharti yaliyoandikwa na amana iliyolipwa kabla.

Piano na ala ziwe chumbani kwake, na ufunguo ukae kwa mtu mmoja ambaye si mlinzi. Ufukizo wa udi na ubani ufanywe barazani: moshi wake una mafuta yanayoganda kwenye pazia, na vumbi hushika juu yake hata pazia likakataa kusafishika. Biriani iliwe nje au kwenye chumba cha kando, kwa sababu samli ikimwagika kwenye mbao za jukwaa hazitapokea tena vanishi. Spika za kukodi zisiegemee ukuta wa jukwaa wala zisilishwe umeme kutoka kwenye soketi za jukwaa. Ziwe na laini yake. Mapambo yasipigiwe misumari. Wekeni mara moja tu kulabu za chuma kisichoshika kutu. Milango yote miwili ifunguke kwa nje na isifungwe kwa kufuli watu wakiwa ndani, hata bibi harusi akitaka faragha. Kwa faragha tumieni pazia na mama wa mlangoni.

Kati ya harusi na onyesho ipite siku 1 nzima. Watu 200 kwa saa 4 hutoa kwa pumzi na jasho lita 40 hivi za maji, na maji hayo lazima yatoke ukumbini kabla fidla hazijaingia. Katika kitabu cha hesabu, tengeni sehemu ya kila harusi kwa piano na paa, iwekwe kwenye akaunti mbali na ya matumizi ya kila siku. Zikichanganywa, mwisho wa mwaka fundi hatalipwa.

Adhana hutukuta katikati ya kipande cha polepole. Tupange vipi?
*Kibokoni*

Isha Mombasa haipishani sana mwaka mzima kwa kuwa tuko karibu na ikweta. Huwa kati ya saa 1 na dakika 20 hivi na saa 2 kasoro. Anzeni saa 2 na robo: waliokwenda kuswali wamerudi, nanyi mna zaidi ya saa 1 na nusu za utulivu. Ramadhani, na tarawehe zake, iacheni kwa matengenezo.

Kanuni yetu, ile ala ya nyuzi, hushuka sauti ikifika jukwaani, na fidla mbili zimeachia kwenye kingo. Tumegundisha kwa supagluu.
*Kikundi cha taarab, Likoni*

Ngozi iliyo chini ya daraja la kanuni hulegea ikipata unyevu, na nyuzi zote hushuka pamoja nayo. Msizikaze nyuzi mkiwa bado nje au kwenye feri. Fikeni ukumbini saa 1 mapema, AC ikiwaka, mfungue mkoba mkaiache itulie, ndipo mpatanishe. Ndani ya mkoba wekeni gramu 200 za silika (punje za kunyonya unyevu) kwenye kifuko cha kitambaa. Ikibadilika rangi, ikausheni kwenye ovena kwa digrii 120 kwa saa 2 au 3.

Fidla hugundishwa kwa gundi ya ngozi makusudi, ili mbao zikivimba kingo ziachie badala ya ubao kupasuka. Hiyo kuachia imewaokolea ubao wenu. Supagluu haiachii, mwaka ujao utapasuka ubao wenyewe. Pelekeni kwa fundi aikwangue yote kwa uangalifu na arudishe gundi ya ngozi. Na msiziache garini mchana. Gari lililofungwa juani hufika digrii 60, na hapo gundi hiyo hulainika.